Siku Sita Minnesota: Shangazi Anatafuta Fleti Isiyo na Ngazi

Jumapili

Nimeondoka Chicago saa kumi na moja na nusu alfajiri ili nifike kabla jua halijatua, kwa sababu mwezi wa Februari barabara ya I-94 upande wa Wisconsin huanza kuteleza mara giza linapoingia. Safari ni ya kilomita 650 hivi: unapita Madison, halafu Tomah ambako I-90 na I-94 zinaachana, halafu Eau Claire, na mwisho unavuka mto St. Croix pale Hudson na kujikuta Minnesota. Mto wote ulikuwa barafu, na juu ya barafu hiyo watu wameegesha magari na kukaa kwenye viti wakivua samaki kupitia tundu walilolitoboa. Kwa mtu aliyezaliwa Mombasa, mandhari hiyo haizoeleki hata baada ya miaka kumi na minne.

Shangazi anaishi Brooklyn Park, kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, katika mtaa wenye Wakenya wengi kiasi kwamba dukani husalimiwa kwa Kiswahili kabla ya Kiingereza. Ana miaka 74. Alifanya kazi ya usaidizi wa uuguzi katika nyumba za kulelea wagonjwa wazee kwa miaka 26, na mumewe alifariki miaka minne iliyopita. Nyumba yake ni nzuri, lakini mlango wa mbele unakupokea kwa ngazi: saba za kupanda sebuleni, nane za kushuka kwenye mashine ya kufulia. Novemba iliyopita alianguka kwenye hizo nane akiwa amebeba kapu la nguo, akavunjika kifundo cha mkono, na akakaa chini pale zaidi ya saa moja kabla ya kuifikia simu.

Baada ya chakula alinitolea daftari na futi ya chuma ya kupimia, akanieleza kazi yangu bila kuzungusha maneno. "Mwanangu, sikukuita uniamulie. Nimekuita uendeshe gari na unisomee mikataba, kwa maana macho yangu yanachoka na herufi ndogo."

Amekwishawaambia watoto wake wawili, mmoja yuko Dallas na mwingine Mombasa. Wa Mombasa alilia kwenye simu, kwa kuwa alichosikia yeye ni kwamba mama anakwenda nyumba ya wazee. Lugha yetu inatuponza hapo, maana tunaita kwa jina moja vitu vitatu ambavyo Marekani ni tofauti kabisa. Kuna nyumba za uuguzi, ambazo Medicare, yaani bima ya serikali ya wenye miaka 65 na zaidi, huzikagua na kuzipa nyota kuanzia moja hadi tano. Kuna makazi ya usaidizi, ambako mtu husaidiwa kuoga, kuvaa na kumeza dawa, na Minnesota ilianza kuyatolea leseni maalumu tarehe 1 Agosti 2021. Halafu kuna hizi tunazozitafuta sisi, fleti za wazee wanaojitegemea, ambazo mbele ya sheria ni nyumba za kupanga kama nyingine. Hazina nyota wala leseni ya utunzaji, na Medicare hailipi hata senti ya kodi yake. Kwa hiyo mkaguzi wa fleti hizo ni mpangaji mwenyewe, na wiki hii mkaguzi ni Shangazi.

Jumatatu

Leo tumekwenda kwenye jengo kubwa la Maple Grove, la orofa nne, jipya, lenye kinanda ukumbini na meko ya gesi inayowaka mchana kutwa. Gari unaliingiza moja kwa moja katika egesho lenye joto chini ya jengo, jambo ambalo msomaji wa Dar es Salaam anaweza kuliona kuwa anasa, lakini huku, ambako asubuhi ya leo kipimajoto kilikuwa nyuzi 21 chini ya sifuri, ni kinga ya nyonga. Mzee asiyelazimika kukanyaga barafu ana sababu moja pungufu ya kuvunjika.

Afisa mauzo alikuwa mchangamfu na mwenye adabu. Alituonyesha fleti ya mfano, chumba kimoja cha kulala, na Shangazi alimwacha aongee huku yeye akivuta futi. Mlango wa bafu ulikuwa na upenyo wa inchi 32, sawa na sentimita 81, nao ndio upana ambao kiti cha magurudumu hupita. Alipopima kitanda alinikonyeza: kilikuwa kidogo kuliko kitanda cha kawaida, ndiyo maana chumba kilionekana kipana. Bafuni akagonga ukuta kwa kidole pembeni ya choo. Majengo ya fleti nne na zaidi yaliyoanza kukaliwa baada ya tarehe 13 Machi 1991 yanatakiwa na sheria ya shirikisho kuwa na kuta za bafu zilizoimarishwa ili vishikio vya ukutani viweze kufungwa baadaye, na mpangaji akivihitaji, mwenye nyumba hawezi kumkatalia, ingawa gharama huwa ni ya mpangaji. Beseni la kuogea lilikuwa na ukingo wa kufika magotini. "Nimewainua wangapi kutoka humu," alisema Shangazi kwa Kiswahili, na afisa mauzo akatabasamu akidhani amesifiwa.

Kodi ni dola 3,150 kwa mwezi, na ndani yake mna maji, joto, usafi wa kila wiki mbili na mlo mmoja kwa siku. Kuna pia ada ya kujiunga ya dola 3,000 isiyorudishwa. Mlo huo ndio uliotukwamisha. Chakula cha jioni huandaliwa kuanzia saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili kamili, na usipokula, siku hiyo imepotea, haihamishiwi kesho. Ramadhani inaanza wiki mbili zijazo. Mwanzoni mwa Machi jua la Minneapolis hutua karibu na saa kumi na mbili, na katikati ya mwezi huohuo saa husogezwa mbele, magharibi ikaingia baada ya saa moja usiku. Shangazi akauliza iwapo mwezi mzima wa chakula asichoweza kukila utapunguzwa kwenye kodi. Afisa akajibu kwamba ni swali zuri sana. Tangu nianze kuishi nchi hii nimejifunza kwamba jibu hilo maana yake ni hapana.

Kabla ya kuondoka, Shangazi aliomba tukae tu kwenye korido ya orofa ya pili, na tulikaa dakika ishirini na tano bila kusema neno. Walipita watu sita. Wanne walisalimiana kwa majina. Ameandika hilo daftarini kuwa ni jambo jema, na chini yake ameandika viatu: wote walivaa viatu vilivyofungwa vizuri, hakuna aliyeburuta ndara. Mimi nilikuwa nimeandika kinanda.

Jumanne

Asubuhi tulifika jengo la ruzuku ya serikali jijini Minneapolis, la mpango unaoitwa Section 202, uliotokana na sheria ya nyumba ya mwaka 1959. Hupokea watu wa miaka 62 na zaidi wenye kipato cha chini, na mpangaji hulipa asilimia 30 ya kipato chake kilichorekebishwa. Mafao ya Shangazi pamoja na pensheni ndogo hufika kama dola 2,500 kwa mwezi, kwa hiyo kipato hakikumzuia. Kilichomzuia ni foleni: mhudumu alitwambia tuhesabu miaka miwili au mitatu. Shangazi alijaza fomu hata hivyo, kwa maelezo kwamba jina kukaa kwenye orodha halili wali.

Alasiri tulikwenda Edina kuona ushirika wa makazi, na hapo nilivutiwa sana. Aina hii ya ushirika wa wazee ilianzia hukohuko Edina mwishoni mwa miaka ya 1970 na ikaenea Minnesota kuliko sehemu nyingi za Marekani. Hupangi, unanunua hisa, na hisa hiyo inakupa haki ya kukaa katika fleti fulani na kupiga kura kuchagua bodi. Hisa ya fleti tuliyoonyeshwa ni dola 140,000, na mchango wa kila mwezi dola 1,250. Ukiondoka au ukifariki, hisa inauzwa kwa bei iliyowekewa kikomo na kanuni za ushirika, kwa hiyo mtu hatajiriki nayo, lakini pia fedha haiyeyuki kama kodi. Wanachama wenyewe wana karakana ya useremala na bustani, na kuna mzee mmoja wa miaka 88 ambaye anarekebisha saa za jengo zima.

Nilipoanza kumpigia hesabu garini, Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akataja mambo mawili. La kwanza, mchango wa kila mwezi unalipia pia mkopo wa benki ulioshikwa na ushirika mzima, na mkopo huo una riba; hataki kuingia humo kabla hajamuuliza sheikh. La pili, usiku hakuna mfanyakazi yeyote jengoni. Jirani ni mwema, lakini jirani ana miaka 80.

Jumatano

Majengo mengi ya aina hii yana chumba cha wageni kinachokodishwa kwa usiku, na watu hawakitumii vya kutosha. Tulirudi Maple Grove tukalipa dola 95 kwa usiku mmoja. Jengo la saa nne asubuhi, likiwa na afisa mauzo na kahawa, si jengo la saa tatu usiku. Kufikia saa mbili mapokezi yalikuwa matupu, taa za korido zimepunguzwa, na televisheni zinasikika milango mitatu mbele, jambo linalokuambia juu ya masikio ya waliomo na unene wa kuta kwa pamoja.

Mchana Shangazi alikuwa amemwomba meneja ruhusa ya kuijaribu kamba ya dharura iliyoko bafuni, naye akakubali bila kusita. Saa nane usiku aliamka kwa ajili ya tahajudi, na alipomaliza akaivuta. Mimi nilikuwa nimeshika saa. Baada ya sekunde 50 sauti ya mwanamke ilitoka kwenye kisanduku cha ukutani ikiuliza kama kuna tatizo. Shangazi alieleza kwamba ni majaribio yaliyoruhusiwa, kisha akamuuliza yuko wapi. Alikuwa katika kituo cha simu, jimbo lingine. Akamuuliza tena, kwa upole uleule wa mtu aliyewahi kufanya kazi za usiku: kama ningekuwa nimelala sakafuni sasa hivi, nani angekuja? Yule mwanamke akajibu kwamba angepiga 911, na kikosi cha zimamoto au gari la wagonjwa lingefika. Je, mfanyakazi wa jengo angekuja kuniinua? Akasema wafanyakazi wa jengo hawaruhusiwi kumwinua mkazi.

Sitaki kumlaumu mtu. Sekunde 50 ni haraka, na aliyejibu alisema ukweli. Lakini kijitabu cha jengo kimeandika kwamba usalama upo saa 24, na watoto wanaowatafutia wazazi nyumba husoma maneno hayo wakamwona akilini mtu aliyevaa sare akikimbia koridoni. Shangazi hakukasirika. Aliketi ukingoni mwa kile kitanda kidogo akaniambia kwamba kumwinua mtu aliyeanguka ni kazi ya watu wawili na mkanda, na kwamba jengo lisilo na leseni ya utunzaji lina haki ya kuiogopa kazi hiyo. "Ila waseme mchana," alisema, "wasiniache nikaigundua saa nane za usiku."

Alhamisi

Jengo la leo liko Roseville, karibu na St. Paul. Ni la orofa tatu, la miaka ya 1990, zulia la korido limechakaa na lifti ni moja tu, na inakwenda polepole kiasi kwamba wakazi wameweka kiti ndani yake. Kama ningekuwa peke yangu ningegeuza gari. Hakuna mlo wa lazima. Kila fleti ina jiko kamili, na harufu zilizopita chini ya milango zilikuwa za watu wanaopika kweli. Nilinusa vitunguu, na mahali fulani bizari. Kodi ni dola 2,450 pamoja na joto na maji, egesho la chini ni nyongeza ya dola 75.

Kitu kilichomfanya Shangazi akae chini na kufungua daftari ni ubavu wa pili wa jengo, ambao una leseni ya makazi ya usaidizi. Wasaidizi wa uuguzi wako humo macho usiku kucha, na kamba ya dharura ya upande wa fleti inalia kwenye meza yao. Wanakuja, wanakagua, na mkazi akihitaji kupelekwa hospitali wanaita gari. Hakuniamini mimi wala meneja. Alikwenda mwenyewe chumba cha mapumziko cha wafanyakazi, na haikuchukua dakika tano kumpata kijana wa Kisii anayefanya zamu za usiku, wakaongea karibu nusu saa. Alirudi na taarifa ambazo hakuna afisa mauzo angetupa: wako wawili usiku kwa wakazi 38 wa upande wa usaidizi, mwendo wao mpaka fleti ya mwisho ni dakika nne, na mwaka huu hajamwona mfanyakazi mwenzake akiacha kazi. Hilo la mwisho alilipigia mstari mara mbili. Kwa uzoefu wake, nyumba inayobadilisha wafanyakazi kila msimu ina ugonjwa usioonekana kwenye zulia.

Bafu la fleti ya orofa ya kwanza tuliyoonyeshwa lina sakafu ya kuogea isiyo na ukingo na bomba la mkono lenye mpira mrefu. Shangazi akalijaribu kama linafika chooni kwa ajili ya tahara, likafika. Hatahitaji kopo. Mlangoni inchi 32. Kutoka mlango wa fleti hadi mashine ya kufulia ni hatua 41, bila ngazi hata moja. Alizihesabu kwa sauti, na bibi mmoja wa Kimarekani aliyekuwa akikunja mashuka akamsaidia kuhesabu kuanzia thelathini.

Jioni tumekaa mezani na kikokotoo. Kwa dola 2,450 za kodi na 900 za mahitaji mengine, mafao yake yatapungukiwa na dola 850 kila mwezi, na pengo hilo litazibwa na fedha za kuuza nyumba. Wakazi wa majengo yote mawili walitwambia kodi hupanda kila mwaka, nasi tukachukua asilimia 5 kuwa kipimo. Kwa kasi hiyo, 3,150 ya Maple Grove inapita 5,100 baada ya miaka kumi, na 2,450 ya Roseville inakaribia 4,000. Mafao ya serikali nayo hupandishwa kufuata gharama za maisha, lakini si busara kutegemea kwamba vitu viwili vitapanda kwa mwendo mmoja.

Ijumaa

Nimeamkia mikataba. Wa Roseville una kurasa 31, nami nimeusoma wote kwa sauti jikoni, Shangazi akikatiza pale anapotaka. Vifungu vitatu vilitusimamisha.

Kimoja kinahusu wageni: mgeni haruhusiwi kulala zaidi ya siku 14 kwa mwaka. Sababu yake inaeleweka. Jengo linalojitangaza kuwa la wenye miaka 55 na zaidi linatakiwa, chini ya sheria ya mwaka 1995, kuwa na angalau mtu mmoja wa umri huo katika asilimia 80 ya fleti zinazokaliwa, kwa hiyo wenye nyumba huogopa wageni wanaogeuka wakazi. Lakini binti wa Mombasa akipata viza haji kwa siku 14. Anakuja kwa miezi mitatu, na tiketi ya ndege peke yake inadai hivyo. Cha pili ni notisi ya kuondoka, siku 60, ambazo kodi yake hudaiwa hata mkazi akifariki. Cha tatu hakikuwamo kabisa. Meneja alikuwa ametuambia kwa mdomo kwamba mkazi wa fleti akihitaji msaada zaidi atapewa kipaumbele upande wa usaidizi, ila katika kurasa 31 sikuiona sentensi hiyo popote.

Tulipitia swala ya Ijumaa Minneapolis, kisha tukaenda Roseville saa nane na nusu mchana. Nilijiandaa kusema mimi, kumbe sikuhitajika. Shangazi aliweka daftari mezani akamweleza meneja, kwa Kiingereza chake cha taratibu, kwamba anaipenda nyumba, kwamba kodi ataiweza, na kwamba maneno mazuri aliyoambiwa jana angependa kuyaona yameandikwa, kwa sababu siku atakapoyahitaji huenda meneja mwenyewe atakuwa amehamia kazi nyingine. Meneja alicheka, akatoka, akapiga simu kwa wakubwa wake, akarudi baada ya robo saa. Kipaumbele kimeandikwa kwenye ukurasa wa nyongeza na kutiwa sahihi. Mgeni wa familia kutoka nje ya nchi ataruhusiwa siku 90 kwa taarifa ya maandishi. Notisi ya siku 60 imebaki kama ilivyo, ila ikiwa ni kifo itakuwa siku 30. Shangazi akaomba usiku wa leo aulale katika chumba cha wageni kabla hajasaini, na akakubaliwa.

Lilibaki kasha. Ni kasha la Lamu la bibi yake, la mninga, lenye misumari ya shaba, na limevuka bahari kwa meli mwaka 1999. Tulirudi kwenye fleti ile na futi. Ukuta wa chini ya dirisha una bomba la joto, haufai. Ukuta wa sebuleni ni mfupi kwa inchi tatu. Sehemu pekee ilikuwa ndani ya kabati la nguo chumbani, na hapo mlango wa kukunja ulizuia. Shangazi alisimama akilitazama kabati lile kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kitu kingine chochote wiki nzima. Meneja akauliza tatizo ni nini, akaelezwa, akasema fundi anaweza kuung'oa mlango Jumatatu na kuuhifadhi stoo.

"Mwandikie," aliniambia Shangazi akinipa kalamu. "Mlango wa kabati, stoo, Jumatatu."

Nimeuandika chini ya siku 90 za mgeni, na meneja ametia sahihi hapo pia.